"Tuko nayo wote wawili": namna kirusi cha SIDA kinajichanganya mwilini, na namna dawa inakizuia

Waganga na washauri wa SIDA wanajua neno hili vizuri. Mwanaume na mwanamke wanapimwa damu, wote wawili wanakutwa na VIH, na mmoja wao anasema: "Basi, sisi wote tuko nayo tayari. Kapoti ni ya kazi gani tena?"

Ukisikia haraka, maneno hayo yana akili. Mtu aliyelowa haogopi mvua. Lakini VIH haiko kitu kimoja chenye kufanana kwa watu wote. Ni familia kubwa ya virusi, yenye matawi mengi. Tena matawi mawili ya familia hiyo yakikutana ndani ya mwili wa mtu mmoja, yanaweza kuzaa kirusi cha tatu ambacho hakikuwepo mbele. Kwa hiyo watu wawili wenye VIH, ambao hawanywi dawa, bado wana kitu cha kupashana.

Jambo hili linahusu mashariki ya Congo kwa karibu sana, sababu ya fasi ambapo majimbo haya yako, na sababu ya namna watu wake wanatembea.

Kirusi kimoja, matawi mengi

Kuna VIH-1 na VIH-2. VIH-2 inapatikana zaidi Afrika ya mangaribi. VIH-1 ndiyo inayowapata watu wengi zaidi duniani, na ndani yake kuna kundi moja kubwa linaloitwa M. Kundi hilo ndilo lenye kueneza SIDA ulimwengu mzima.

Kundi M limegawanyika tena katika matawi, na wataalamu wameyapa herufi: A, B, C, D, F, G, H, J, K na L. Matawi yote yanaleta ugonjwa uleule na yanapita njia zilezile, ndiyo kusema ngono bila kinga, damu, na mama kwa mtoto. Lakini ukisoma maandishi yao ya ndani, unaona hayafanani. Kwenye sehemu inayofunika kirusi kwa nje, matawi mawili yanaweza kutofautiana kwa robo nzima ya herufi zake, ao zaidi.

Mwenye kuangalia vizuri ataona kwamba katika orodha hiyo herufi E na I hazimo. Hazikusahauliwa. Zamani kulikuwa tawi E na tawi I. Kisha wataalamu walisoma virusi hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho, wakakuta kwamba ni mchanganyiko. Kile walikuwa wanaita E, chenye kuenea sana Thailand na inchi za jirani zake, kina vipande vya tawi A ndani yake. Kwa hiyo walikipa jina lingine, CRF01_AE. Herufi tatu za kwanza zinaonyesha kwamba ni kirusi mchanganyiko chenye kuzunguka kati ya watu, namba inaonyesha ni cha ngapi kutambuliwa, na herufi za mwisho zinaonyesha wazazi wake. Leo virusi mchanganyiko vyenye jina la namna hiyo vimepita 100.

Tena haviko vitu vya pembeni. Katika hesabu ya ulimwengu ya miaka 2010 hadi 2015, zaidi ya mtu 1 juu ya 5 wenye VIH alikuwa na kirusi mchanganyiko.

Congo ndiko familia ilianza kupanuka

Hakuna fasi duniani yenye virusi vya VIH tofauti-tofauti kama Congo. Sababu ni rahisi. Mti una matawi mengi zaidi pale umesimama siku nyingi, na kundi M limekaa Congo kuliko inchi nyingine yoyote.

Mzizi wa mbali zaidi uko kwa masokwe wa aina ya shimpanze, kusini-mashariki ya Kameruni. Kirusi chao kilipita kwa mtu, kwa namna inayofikiriwa kuwa ni damu ya nyama ya pori wakati wa uwindaji ao kuchinja. Lakini kuenea kati ya watu kulianzia Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville wakati huo. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha virusi vya miji mingi na kuhesabu kurudi nyuma. Walifikia karibu mwaka 1920.

Ushahidi wa zamani zaidi ni damu. Damu ya mwanaume mmoja iliyochukuliwa Léopoldville mwaka 1959 ilichunguzwa miaka mingi baadaye, ikakutwa na VIH. Kipande cha nyama ya mwili wa mwanamke, kilichohifadhiwa mwaka 1960 katika muji uleule, kilikutwa nayo pia. Kitu kilichoshangaza ni kwamba virusi hivyo viwili vilikuwa tayari vimeachana sana. Kimoja kilikuwa karibu na tawi D, kingine karibu na tawi A. Kwa hiyo kufikia uhuru wa inchi, kirusi kilikuwa kimeishi kati ya watu kwa miaka makumi, bila mtu kukijua wala kukipa jina.

Kilitembea namna gani? Kwa gari la moshi na kwa mto. Mwisho wa miaka ya 1940, zaidi ya watu milioni moja kila mwaka walikuwa wanapita Kinshasa kwa reli. Kirusi kilifuata kazi na wafanyakazi: Lubumbashi na Mbuji-Mayi, miji ya shaba na almasi, kisha Kisangani. Tawi C, ambalo leo liko kwa karibu nusu ya watu wote wenye VIH duniani, linahusishwa na maeneo hayo ya machimbo ya kusini. Kutoka huko lilishuka mpaka Zambia na Afrika ya Kusini. Tawi B nalo linaaminiwa kuvuka bahari pamoja na watu wa Haiti, waliokuja kufanya kazi Congo miaka ya 1960 na kurudi kwao. Ndilo lilienea Marekani na Ulaya.

Mwaka 1984 wataalamu wa Congo, Ubelgiji na Marekani walianzisha Projet SIDA huko Kinshasa. Ilifanya kazi mpaka mwaka 1991, wakati uporaji ulipoifunga. Damu za miaka ile zilipochunguzwa baadaye, virusi mchanganyiko vingi vilikutwa vimo tayari. Kisha, mwaka 1997, damu 247 zilichukuliwa Kinshasa, Mbuji-Mayi na Bwamanda. Karibu matawi yote yaliyojulikana yalionekana ndani yake, pamoja na virusi ambavyo havikuweza kupangwa fasi yoyote. Tawi L, la mwisho kutambuliwa, lilitangazwa mwaka 2019. Damu tatu zilizolithibitisha zilitoka zote Congo, zilizochukuliwa mwaka 1983, 1990 na 2001.

Kuchanganyika kunafanyika namna gani?

Ili kuelewa, fikiria sekretariati publiki, ile nyumba ndogo ya kupiga barua pembeni ya ofisi za serikali. Mwandishi amekaa mbele ya mashini. Mteja amemuletea barua moja iliyoandikwa kwa mkono, kopi mbili za barua ileile. Mwandishi anasoma kopi ya kwanza na kupiga. Akifika kati, macho yake yanaruka kwa kopi ya pili, anaendelea pale pale. Baadaye anarudi kwa kopi ya kwanza. Kama kopi mbili zinafanana, barua itatoka sawa na hakuna mtu atajua kwamba macho yaliruka.

VIH inafanya hivyo hivyo. Kila kirusi kinabeba ndani yake nyuzi mbili za maandishi, kila uzi wenye herufi 9,700 hivi. Kikiingia ndani ya selile CD4, zile askari za kulinda mwili, kinatumia kifaa chake cha kunakili ili kugeuza maandishi yake yawe ya namna ya selile ile. Kifaa hicho kinaruka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine mara nyingi katika kazi moja. Ni tabia yake ya siku zote. Kwa mtu mwenye aina moja ya VIH, nyuzi mbili zinafanana karibu kabisa, na kuruka hakuleti kitu kikubwa.

Sasa fikiria kwamba kopi mbili juu ya meza haziko barua moja tena. Moja inatoka Bujumbura, nyingine inatoka Kampala. Macho yakiruka, barua itakayotoka itakuwa na mwanzo wa Bujumbura, katikati ya Kampala, na mwisho wa Bujumbura. Barua hiyo haikuandikwa na mtu yeyote, lakini inasomeka.

Ili VIH ifike hapo, mambo matatu yanapaswa kukutana. Kwanza, mtu mmoja awe na aina mbili. Anaweza kuzipata pamoja, ao apate moja leo na nyingine miaka baadaye. Pili, aina zote mbili ziingie ndani ya selile moja, na kirusi kinachotoka humo kibebe uzi mmoja wa huyu na mmoja wa yule. Tatu, kirusi hicho kiingie selile nyingine na kunakiliwa. Hapo ndipo mchanganyiko unazaliwa.

Mtu anaweza kufikiri kwamba ni bahati mbaya ya nadra. Lakini mtu mwenye VIH asiyekunywa dawa, mwili wake unatoa virusi vipya miliari 10 hivi kila siku. Kwa hesabu kama hiyo, kitu cha nadra kinatokea tu. Na tofauti na kosa la herufi moja moja, ambalo nalo linatokea kila siku, kuchanganyika kunabadilisha sehemu kubwa ya kirusi kwa mara moja.

Kwa nini zaidi kwa makundi fulani?

Waganga wanasema "makundi yenye hatari zaidi". Neno hilo linaumiza watu na linaeleweka vibaya, kama vile kuna watu wachafu na watu safi. Haiko hivyo. Hatari inatoka kwa hali ya maisha na kazi: kukutana na wapenzi wengi, wanaotoka fasi nyingi, bila uwezo wa kukatalia mtu asiyetaka kapoti.

Mfano mzuri unatoka Mbeya, kusini-mangaribi ya Tanzania. Mbeya iko juu ya barabara kubwa ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Malori mengi yanayoleta bidhaa Kasumbalesa na Lubumbashi yanapita huko. Kuanzia mwaka 2000, wanawake 600 hivi waliokuwa wanafanya kazi katika baa na nyumba za wageni za barabara hiyo walikubali kufuatwa na watafiti, wakipimwa kila miezi 3. Matawi matatu yalikutwa huko, A, C na D, pamoja na mchanganyiko mwingi wa hayo matatu. Walipolinganishwa na wakaaji wengine wa Mbeya, wanawake wa baa walionekana kuwa na aina mbili kwa pamoja mara nyingi zaidi.

Huko Mombasa, Kenya, wanawake wenye kuuza ngono walifuatwa kwa miaka mingi. Wengine walikuwa na VIH siku nyingi, na bado walipata aina ya pili juu ya ile ya kwanza. Utafiti huo ulivunja wazo moja lililokuwa na nguvu, kwamba mwili uliokwisha kuzoea VIH moja unafunga mlango kwa nyingine. Mlango haufungi vizuri.

Na mchanganyiko mmoja unaweza kwenda mbali. Mwaka 1996, huko Kaliningrad nchini Urusi, kirusi mchanganyiko cha matawi A na B kiliingia kati ya watu waliokuwa wanajidunga dawa za kulevya kwa sindano za pamoja. Ndani ya muda mfupi kilienea kwa watu wengi sana wa muji ule, wote wakiwa na kirusi karibu kilekile. Kwa hiyo mchanganyiko unaozaliwa katika mwili wa mtu mmoja unaweza kuwa ugonjwa wa muji mzima.

Jambo la kuangalia ni hili: mwanamke wa baa hakai peke yake. Dereva anarudi kwa bibi yake. Mchimbaji anashuka kutoka machimbo kwenda kwa jamaa yake. Muuza samaki anavuka ziwa na kurudi. Mwanamke anayeogopa polisi ao matusi ya watu hataenda kupimwa, na kumufukuza hakuondoi kirusi. Kunakificha tu.

Mashariki ya Congo iko katikati ya njia

Angalia karta. Uganda, matawi A na D ndiyo yanatawala. Rwanda, ni A zaidi. Burundi, ni C zaidi. Zambia, ni C karibu peke yake. Tanzania, A, C na D ziko pamoja. Na upande wa mangaribi, kuna Congo yenyewe na karibu familia nzima.

Majimbo ya mashariki yamezungukwa na matawi tofauti kila upande, na watu wanapita kila siku. Kasindi na Bunagana kwenda Uganda. Goma na Gisenyi, ambapo mtu anavuka kwa miguu kununua nyanya. Uvira na Bujumbura. Kalemie na Kigoma kwa mashua. Ndani ya inchi, wachimbaji wa zahabu na koltani wanahama kila wakati machimbo mapya yanasikika. Askari wanahamishwa. Jamaa zinakimbia vita, zinakaa kambini, zinarudi, zinakimbia tena.

Kwa jumla ya inchi, VIH haiko juu sana. Utafiti mkubwa wa nyumba kwa nyumba wa mwaka 2013-2014 ulikuta karibu mtu 1 juu ya 100. Lakini hesabu ya inchi nzima inaficha machimbo, bandari na barabara, ambapo hali ni nyingine.

Tena kuna ubakaji. Mtu aliyebakwa hakuchagua hatari yoyote. Kwa yeye, jambo moja linapita yote mengine: kufika kwenye kituo cha afya mbele ya saa 72 kupita, bora siku ileile. Huko kuna kit PEP, dawa za kunywa siku 28 zenye kuzuia VIH isishike mwili. Dawa hizo zinaweza kufanya kazi kwa tawi lolote. Zikichelewa kupita saa 72, nguvu yake inaisha.

Je, kuchanganyika kunaleta ubaya gani?

Swali la kwanza ambalo watu wanauliza ni la vipimo. Je, kipimo cha haraka kinaweza kukosa kuona kirusi mchanganyiko? Miaka ya 1990 kulikuwa shida ya kweli, wakati vipimo fulani vilikosa kuona kundi O, kundi lingine la nadra lenye kupatikana zaidi Kameruni. Vipimo vilitengenezwa upya. Vile vya leo vinaona matawi ya kundi M na mchanganyiko wake. Mtu asikatae kupima kwa kufikiri kwamba kipimo hakitaona aina yake.

Swali la pili ni la ukali. Huko Uganda ilionekana kwamba watu wenye tawi D, wasipopata dawa, wanashuka haraka kuliko wenye tawi A. Kwa hiyo aina inaweza kuwa na maana. Lakini kwa mtu anayekunywa dawa vizuri, tofauti hiyo haina nguvu.

Swali la tatu ndilo zito zaidi: dawa kukosa nguvu. Fikiria mtu aliyeanza dawa, akaacha, akaanza tena, akaacha. Kirusi chake kinajifunza kuishi na dawa moja. Mtu mwingine naye ameacha-acha dawa nyingine, na kirusi chake kimejifunza dawa hiyo. Wawili hao wakikutana bila kinga, na virusi viwili vikaingia mwili mmoja, kuruka kwa macho ya yule mwandishi kunaweza kuweka masomo mawili ndani ya barua moja. Kile kingechukua muda mrefu kupatikana kwa kosa moja moja, kinapatikana kwa mara moja.

Dawa za zamani, kama vile nevirapini na efavirenzi, zilikuwa dhaifu upande huo, maana badiliko moja tu la kirusi liliweza kuzivunja. Ile inayotolewa zaidi leo, watu wanaiita TLD. Ni kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Dolutegraviri ni ngumu zaidi kwa kirusi kuishinda. Tena inafanya kazi kwa matawi yote, hata na kwa mchanganyiko. Neno linalosemwa mara nyingine sokoni, kwamba "kuna SIDA mpya ambayo dawa haiwezi", haliko kweli. Kile kinachovunja dawa ni kuikatia njiani.

Ubaya wa nne unahusu chanjo. Chanjo inafundisha mwili kutambua adui kwa sura yake, na adui huyu ana sura nyingi na anaendelea kuzibadilisha. Jaribio lililoitwa Mosaico lilitumia vipande vya matawi mbalimbali vilivyounganishwa, kama vile fundi anayeshona nguo moja kutoka vikwembe vingi. Lilisimamishwa Januari 2023 sababu halikukinga watu. Hata sasa hakuna chanjo ya SIDA.

Dawa inafunga mashini

Kirusi hakiwezi kuchanganyika kama hakinakiliwi. Dawa za SIDA haziui kirusi kilichojificha ndani ya selile, lakini zinasimamisha kazi ya kunakili. Mashini ya mwandishi inazimwa. Barua mbili zinaweza kuwa juu ya meza, lakini hakuna kinachopigwa.

Ndiyo maana mtu anayekunywa dawa kila siku, na ambaye kipimo cha wingi wa virusi, kile kinaitwa sharje virale, kinaonyesha kwamba kirusi hakionekani tena, ana faida tatu kwa wakati mmoja. Anabaki na afya. Haambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Na mwili wake hauwi tena nyumba ya kuzalisha mchanganyiko mpya, kwa sababu dawa ileile inayozuia kirusi chake inazuia pia kile ambacho kingetoka kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo jibu kwa wale wanaosema "tuko nayo wote wawili" linategemea dawa. Kama wote wawili wanakunywa dawa vizuri na sharje virale imeshuka mpaka haionekani, hatari ya kupashana aina nyingine ni ndogo sana. Kama mmoja hakunywi, ao anakunywa leo na kuacha kesho, ao hajapimwa sharje virale, basi kapoti bado ina kazi yake. Hata hivyo kapoti inakinga pia magonjwa mengine ya zinaa, ambayo dawa za SIDA hazigusi.

Shida ya mashariki ni kwamba dawa inakatika mara nyingi bila mtu kutaka. Kijiji kinakimbia usiku, kidonge kinabaki nyumbani. Barabara imefungwa, kituo hakina stoki. Kirusi kinarudi ndani ya wiki chache kisha kuacha dawa, hata kama mtu anajisikia muzima kabisa.

Mambo ya kufanya

Kwa mtu anayeishi na VIH: omba kituo chako kikupe dawa za miezi 3 ao 6 kwa mara moja kama hali yako inaruhusu, hasa kama eneo lako haliko salama. Weka kadi yako ya matibabu, ao picha yake ndani ya simu, na jina la dawa unayokunywa. Ukikimbilia fasi nyingine, kituo chochote chenye kutoa dawa za SIDA kinaweza kukupokea. Usingoje kurudi nyumbani. Ukikosa siku kadhaa, usione haya, rudi na useme ukweli, ili munganga ajue cha kupima. Omba sharje virale hata kama hakuna aliyekuambia.

Kwa mwanamke mwenye mimba: pima mapema. Akinywa dawa wakati wa mimba na wa kunyonyesha, mtoto anaweza kuzaliwa na kukua bila VIH, hata mama awe na aina gani.

Kwa mtu asiye na VIH lakini ambaye kazi ao maisha yake yanamuweka karibu na hatari: kuna dawa za kujikinga mbele, zinazoitwa PrEP, za kunywa kama vidonge. Kuna pia sindano mpya, lenakapaviri, ya mara mbili tu kwa mwaka. Katika utafiti uliofanywa Afrika ya Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 walidungwa sindano hiyo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba hakuna hata mmoja wao aliyepata VIH. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliipendekeza Julai 2025. Uliza kwenye kituo cha afya ni ipi inapatikana karibu nawe.

Kwa viongozi wa machimbo, wa bandari, wa kambi na wa baa: mtu anayeweza kupima na kuchukua dawa bila kutukanwa anakinga pia wale wasiomujua. Congo ndiyo inchi ambamo familia ya kirusi hiki ilikua na kutawanyika, kwa reli na kwa mto, wakati hakuna aliyekuwa na kipimo wala kidonge. Barabara na maziwa ya mashariki yanafanya leo kazi ileile ya kukutanisha matawi yake. Lakini leo kipimo kipo, na kidonge cha kuzima mashini kipo pia. Kazi iliyobaki ni kukifikisha kila siku, kwa kila mtu, hata yule aliye barabarani.